Mlango wa umeme wa gari-nyumba letu: si mama yangu aliyeuharibu

Yule kijana wa karakana aliufungua mlango hadi mwisho, akabonyeza swichi mara tano, na mara zote tano komeo likaitika. Akanigeukia. "Unaona, dada? Mzima kabisa huu. Shida ni namna mnavyoufunga." Kisha akamtazama mama yangu.

Nilikuwa nimemwambia kabla hajagusa chochote, na nikarudia: ukiwa wazi unafanya kazi, ukifungwa unagoma. Basi kwa nini aupime ukiwa wazi? Hakuufunga hata mara moja. Na mama, ambaye hajawahi kubamiza mlango wa mtu tangu nimjue, akasema kwa sauti ya chini, "Samahani mwanangu, labda kweli ni mimi." Alimwomba radhi mtu ambaye hakutaka hata kuinama akatazame bawaba.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana hasira inanitanguliza.

Ulianza kugoma msimu wa mvua. Mwanzoni ilikuwa mara moja moja, tukadhani ni betri ya rimoti. Nikaibadilisha, ile ya duara ya volti 3. Ukatulia siku kadhaa, ukarudia. Fyuzi nzima. Betri ya sehemu ya kuishi ya gari imejaa, inasoma volti 12.6. Ukibonyeza unasikia rilei, ile swichi ndogo inayowasha mota, inalia tik, tik, lakini mota ya komeo haisogei. Ukibahatika, kwenye jaribio la nne au la tano unafunguka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Halafu ukaja usiku ule. Nilitoka kufunga mtungi wa gesi, mlango ukajifunga nyuma yangu, na funguo za dharura zikawa ndani pamoja na mama. Nikabonyeza rimoti: tik. Nikabonyeza tena: tik. Mama akabonyeza swichi ya ndani: kimya. Kwa ndani kuna waya wa kuvuta kwa mkono umeme ukishindwa, lakini umefichwa nyuma ya kifuniko cha plastiki usawa wa magoti, rangi moja na ukuta, bila alama yoyote. Siku tunakabidhiwa gari hakuna aliyetuonyesha. Niliujua kwa kusoma kitabu tu, nikawa namwelekeza kupitia dirisha la jikoni huku nimelowa chapachapa. Mama ana vidole vya baridi yabisi. Nilimwona anapapasa ukuta, anaondoa mkono, anapapasa tena. Ulipofunguka alikuwa anatetemeka, na mimi nilikuwa nawaza jambo moja: je, kungekuwa na moto?

Ndiyo hali tuliyokwenda nayo karakana. Ndiyo hali ambayo kijana yule aliijibu kwa kumtazama mama yangu.

Akachukua mita, akapima nyaya zinazoingia kwenye mota, akasoma 12.5. "Umeme unafika." Akashauri tubadilishe kisanduku cha kuongozea. Nililipa, tena kwa shukrani, nikidhani yamekwisha. Jioni ileile, mlango ukiwa umefungwa: tik.

Nilipopiga simu niliambiwa kisanduku kipya hakiwezi kuwa kibovu, hivyo tuangalie tena "matumizi". Nikakata. Kuanzia hapo niliamua kuushughulikia mwenyewe, na naeleza kwa kirefu ili mwenye mlango wa namna hii asipite nilikopita.

Nilimwomba mama abonyeze swichi mfululizo, nami nikawa naufunga mlango polepole, kidogo kidogo. Ukiwa wazi, komeo linacheza. Nusu, linacheza. Ulipobakiza kama upana wa kiganja, likafa. Nikaurudisha nyuma, likafufuka. Hapo sikuhitaji fundi wa kuniambia: kilichobadilika ni mkunjo wa nyaya kwenye bawaba tu, hakuna kingine.

Nyaya hizo hupita kutoka kwenye fremu kwenda kwenye mlango ndani ya mrija wa raba uliojikunja. Nikauchomoa. Kwa macho kila waya ulikuwa mzima, ganda halina hata mkwaruzo. Nikaanza kuukunja mmoja mmoja kwa vidole. Waya mzima unakupinga kidogo. Ule mwekundu mnene, wa mota, ulifika mahali ukalegea kama mrija mtupu. Nikalipasua ganda kwa wembe: nyuzi za shaba zimekatika ndani kwa ndani, ncha zake zimeingia weusi, zimebaki mbili tu zinazogusana.

Na hizo mbili ndizo zilizomdanganya mwenye mita. Bila mzigo, hata uzi mmoja unapitisha volti zote, mita itakuonyesha 12.5 na utaapa kwamba umeme unafika. Mota ikidai nguvu, volti zinaporomoka. Nilipima tena huku mama amebonyeza swichi, mlango umefungwa: ikashuka hadi 3 na kidogo. Rilei inatosheka na waya wake mwembamba, ndiyo maana inalia, mota haitosheki. Kipimo cha nusu dakika! Pima mlango ukiwa katika hali inayogoma, na pima mota ikiwa inadai umeme. Kisanduku chetu cha zamani kilikuwa kizima, nimekirudisha na kinafanya kazi mpaka leo.

Nikaunga waya mpya laini, wa nyuzi nyingi nyembamba, nikaulehemu mbali na mkunjo, nikauachia urefu wa ziada. Ule wa kiwandani ulikuwa umekazwa mno. Kila tukifunga mlango ulikuwa unavutwa. Hilo ni kosa la waliouunda, nasi hatuna hatia.

Sasa niseme nini kuhusu mlango wenyewe? Nilikusudia kusema msinunue. Lakini tangu siku ile haujagoma hata mara moja, na unavyojivuta ile sentimita ya mwisho na kuziba upepo wote, naupenda, siwezi kukana. Ningeupa nyota nne. Hapana, tatu, kwa sababu ya ule waya mfupi. Na nikikumbuka kifuniko kisicho na alama na vidole vya mama ukutani, hata tatu nyingi. Kwangu nimebandika utepe mwekundu juu yake, na kila anayelala humu namfanya auvute ule waya wa dharura kwa mkono wake kabla ya giza kuingia.

Karakana ile siirudii. Niliwapelekea kipande cha waya kilichokatika ndani ya mfuko wa nailoni, kijana akakitazama, akasema "hutokea". Nilimwambia amwombe mama yangu radhi, alikuwa amekaa ndani ya gari hatua chache tu. Akasema ana wateja.

Mama nimemwonyesha zile nyuzi mbili, nikamweleza zaidi ya mara moja. Anaitikia kwa kichwa. Ila hadi leo, akiingia, anaugeukia mlango, anaushika kwa mikono yote miwili na kuusindikiza taratibu mpaka ujifunge.