Kliniki nzuri, vipimo vizuri, daktari mpya hasikilizi

Nianze na mazuri, nisije nikaambiwa nina kisirani na watu. Kliniki yenyewe ni ya binafsi, iko mjini Mwanza, ghorofani. Ni safi, vyoo vina maji na sabuni, dada wa mapokezi wana adabu, na kadi ya bima haikuletei mzozo dirishani. Maabara yao ina kasi. Mimi nakaa Sengerema, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kwenda mjini kumekuwa jambo la kawaida. Zamani ukiwa na miadi ya saa mbili asubuhi ulikuwa unalala kwa ndugu, maana kivuko kilikuwa na saa zake na foleni yake. Sasa zile kilomita tatu za maji unazikata ndani ya gari hata karanga hujazimaliza. Kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuihama kliniki hii, na nimeitumia miaka.

Malalamiko yangu ni kwa daktari mpya.

Nina presha ya kupanda. Daktari niliyekuwa naye mwanzo, mama mtu mzima ambaye sasa amestaafu, alinianzishia amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku, na presha ikatulia. Kasoro yake ilikuwa moja: jioni, hasa siku nikisimama sana dukani (nauza vitenge), vifundo vya miguu vinavimba. Alishanieleza kwamba kwa baadhi ya watu dawa hiyo ndivyo ilivyo, inatanua mishipa na maji yanateremka miguuni, na kwamba ikinizidi nimwambie abadilishe. Haikunizidi. Nikanunua viatu vya wazi, nikawa naweka miguu juu ya kigoda usiku, maisha yakaendelea.

Huyu mpya ni kijana, umri wa mwanangu wa pili. Niliingia nikasema, "Habari za kazi, daktari." Akasema, "Karibu," macho yako kwenye kompyuta. Shikamoo sikuidai, ingawa huku kwetu hata konda anakuamkia kwanza kabla hajakubana kwenye kiti cha watu watatu mkae wanne.

Kilichoniudhi ni kipimo. Siku hiyo lifti ilikuwa mbovu, nimepanda ngazi mpaka juu, nahema, na nikaitwa hapohapo kwa sababu hapakuwa na foleni. Nilikuwa nimevaa gauni la kitenge lenye mikono ya marinda. Akaufunga mkanda wa kipimo juu ya marinda. Juu ya nguo! Mkono wenyewe umening'inia ubavuni, mashine inajaza upepo, na yeye ananiuliza namba yangu ya simu kwa ajili ya usajili mpya. Mimi namtajia. Ikasoma 168 kwa 102.

Yule mama alinizoesha vingine kabisa. Unakaa kimya dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu bila kukunja nne, mkono uko juu ya meza usawa wa moyo, mkanda unagusa ngozi, na hakuna anayekusemesha. Chai ya rangi au kahawa iwe imepita nusu saa. Nikamwomba kijana apime tena nikishatulia. Akasema, "Mama, mashine haidanganyi."

Akaniangalia miguu, na hapo nimpe haki yake, aliuona uvimbe bila kuambiwa. Akasema amlodipini iishie hapo, tunaanza enalaprili. Akaandika kwenye kikaratasi kwa mkono, nikaenda dirisha la dawa. Hakuniuliza kama uvimbe unanisumbua, wala hakunitajia dawa mpya ina visa gani. Hakuagiza hata kipimo cha figo, na baadaye nimeelezwa kwamba dawa za kundi hilo inafaa zianzwe figo na madini ya potasiamu vikiwa vimeangaliwa.

Haukupita muda kikaanza kikohozi. Kikavu, hakina makohozi, ni mtekenyo tu kooni kama unywele umekwama, na ukilala ndiyo kinakuja. Mume wangu akahamia chumba cha watoto. Kanisani nikawa nakaa benchi la nyuma karibu na mlango ili nitoke haraka. Dukani ndiyo balaa, maana tangu Korona watu wa huku hawana mzaha na kikohozi. Mteja anashika kitambaa, anasikia nakohoa, anakumbuka ameacha chungu jikoni.

Nikarudi kwa daktari yuleyule. Nikamwambia kikohozi kimeanza baada ya kunibadilishia dawa. Nilisema hivyo waziwazi, kabla hata sijakaa vizuri. Akaniuliza nafanya kazi gani. Vitenge. "Ni vumbi la vitambaa hilo." Nimeuza vitenge tangu yeye yuko shule ya msingi. Nikamuuliza tena, kwa upole, haiwezi kuwa ile dawa? Akacheka kidogo: "Mama, ya mtandaoni achana nayo." Sikuwa nimesoma kokote mtandaoni, nilikuwa nahesabu tu kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Akaandika eksirei ya kifua, antibaotiki iitwayo azithromaisini na dawa ya maji ya kikohozi. Eksirei ikaonyesha kifua kiko safi. Hela za azithromaisini zilitoka mfukoni mwangu, na hakuna nilichoponyeshwa nayo, kwa sababu hapakuwa na mdudu wa kuuawa.

Na hata kama hakuamini habari ya dawa, basi angefuata utaratibu ule unaotangazwa kila siku redioni: kikohozi cha wiki mbili na zaidi, pima kifua kikuu. Kupima makohozi hakunitajia kabisa. Aliyenitajia ni nesi, alinifuata hadi kwenye ngazi akanong'ona, "Mama, nenda kituo cha serikali wakakupime TB, ni bure." Mungu ambariki yule binti.

Nikaenda kituo cha afya huku huku Sengerema. TB hakuna. Lakini tabibu aliyenipokea (naye kijana vilevile, kwa hiyo suala si umri) aliniuliza swali ambalo mjini halikuulizwa: "Shikamoo mama. Unatumia dawa gani nyingine nyumbani?" Nikamtolea boksi kutoka kwenye mkoba. Akalisoma, akaligeuza, akasema, "Kikohozi chako hiki hapa."

Akanieleza taratibu. Enalaprili na ndugu zake, kama kaptoprili na lisinoprili, hushusha presha vizuri na madaktari wanazipenda, hasa kwa wenye kisukari ambao figo zimeanza kuguswa. Ila kuna kemikali mwilini ambayo kwa kawaida huvunjwavunjwa na kuondoka, dawa hizi huzuia isivunjwe, inarundikana, na kwa wengine inawasha njia ya hewa. Kama mtu mmoja katika kila kumi hupata kikohozi hicho. Hakisikii dawa ya maji wala antibaotiki, kinasikia kitu kimoja tu, kuiacha dawa yenyewe, na hata hapo kinaweza kuchukua wiki moja hadi nne kuondoka, wengine mpaka miezi mitatu. Akaniuliza kama midomo au ulimi vimewahi kuvimba, maana hiyo ndiyo hatari yenyewe, mtu hasubiri asubuhi, anakimbizwa hospitali usiku huohuo. Havijawahi.

Akapima presha mara mbili, mkono mtupu, nimetulia. Ilikuwa juu kidogo, lakini wala haikukaribia ile ya marinda. Akanibadilishia losartani, ambayo inafika palepale kwa njia nyingine na haichezei ile kemikali ya kikohozi. Akaongeza jambo ambalo nalileta hapa kwa sababu huku kwetu tunagawiana vidonge vya presha kama chumvi: nisimpe mtu yeyote dawa zangu, na hasa binti aliyeolewa karibuni anayetafuta mtoto, kwani makundi yote mawili, la enalaprili na la losartani, yanadhuru mtoto tumboni. Nilikuwa na mtu kichwani kabisa aliposema hivyo.

Kikohozi kiliondoka polepole, kwanza mchana, usiku kikafuata. Mume amerudi chumbani, anakoroma, hilo nalo sijui nimpeleke kliniki gani.

Nikaandika malalamiko kwa meneja wa ile kliniki ya mjini. Akanipigia mwenyewe, akaomba radhi vizuri, na akanipa miadi ya bure. Nikamuuliza kwa daktari gani. Yuleyule, ndiye wa presha. Nikashukuru, sikwenda. Badala yake niliomba nakala ya kumbukumbu zangu ili tabibu wa huku aione. Kwanza wakasema faili ni mali ya kliniki, nikang'ang'ana, wakanichapishia ukurasa mmoja. Na hapo ndipo nilipoelewa kitu. Kwenye kompyuta yao, mpaka siku ile, dawa yangu ilikuwa imeandikwa bado ni amlodipini. Enalaprili aliiandika kwenye kikaratasi, kompyutani hakuiingiza. Kwa hiyo siku nilipomwambia kikohozi kimeanza baada ya dawa mpya, yeye alikuwa anatazama kioo kinachomwambia hakuna dawa mpya, na kati ya kioo na mimi akaamini kioo. Boksi lilikuwa kwenye mkoba wangu, hatua moja kutoka mezani kwake. Hakuomba kuliona.

Nyota mbili kati ya tano, zote mbili ni za nesi na maabara. Presha yangu sasa inaangaliwa Sengerema. Ukilazimika kumwona daktari huyo, yaweke maboksi yote ya dawa mezani kabla hujakaa, na vaa mikono mifupi. Maabara yao bado naenda: kile kipimo cha figo tabibu alichoniagizia nilikifanyia kwao, kwa sababu kituoni kwetu vitendanishi vilikuwa vimeisha, na majibu yalitoka kabla sijamaliza chai kule chini.