Nililipa dola 2,600 kupelekwa ng'ambo ya mto wa kwetu

Tangu nirudi chuoni, watu wanne wameniuliza swali lilelile: yule wakala anayewapeleka wanafunzi wa masta Uganda kwa wiki kumi, pesa yake inalipika? Nimechoka kujibu kwa sauti za WhatsApp za dakika nane nane, kwa hiyo naandika mara moja.

Kwanza mjue anayeandika ni nani. Mimi ni mtu wa Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Nasoma shahada ya uzamili ya maendeleo ya kimataifa huko Marekani, kwenye chuo ambacho humalizi bila kufanya kazi kwa vitendo nje ya nchi kati ya Juni na Agosti. Nilipouliza kama kwetu panahesabika kuwa nje ya nchi, mshauri wangu alicheka, akasema kwenu ni kwenu, tafuta pengine. Wenzangu wakachagua Nepal, Guatemala na Ghana. Mimi nikaona nafasi ya Nakivale, makazi ya wakimbizi wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, nikajaza fomu kabla sijaangalia ramani vizuri. Asiyeijua ramani hiyo autafute mto Kagera: upande mmoja Isingiro, upande wa pili Kyerwa, na Karagwe iko nyuma yake. Ukisimama Kikagati, mpakani upande wa Uganda, Murongo ya kwetu unaiona kwa macho. Yaani nilivuka bahari na mabara hadi Entebbe, kwa pesa, ili nikae nusu siku ya safari kutoka jikoni kwa mama.

Ada ilikuwa dola 2,600 bila tiketi ya ndege. Chuo kilinipa ruzuku, kwa hiyo hakuna ng'ombe aliyeuzwa. Ankara yao ilikuwa na mistari: kupokelewa uwanja wa ndege, maelekezo ya siku tatu Kampala (dola 400 hapo peke yake), malazi, bima, vibali, na kuunganishwa na shirika mwenyeji.

Kupokelewa: nilikaa Entebbe saa mbili nikimsubiri dereva. Tuyaache.

Maelekezo ndiyo yaliyonichosha. Tulikuwa wanane, saba kati yetu hawajawahi kukanyaga Afrika, na yule dada aliyetufundisha alikuwa mwema na anajua kazi yake. Lakini siku ya pili yote ilikwenda kwenye namna ya kuishi na Waafrika Mashariki. Nikajifunza, daftari wazi na kalamu mkononi, kwamba watu wa huku husalimiana kwa muda mrefu. Kwamba ndizi hapa hupikwa. Kwamba boda boda unapatana naye bei kabla ya kupanda. Nilipoinua mkono kuuliza kama ningeweza kuitumia siku hiyo kusoma dodoso letu la utafiti, nikaambiwa maelekezo ni ya wote. Siku ya nne tukaelekea Mbarara kwa basi dogo la kukodi, tukasimama Kayabwe kwenye mstari wa ikweta, wenzangu wakalipa kuona maji yakizunguka kwenye beseni, upande mmoja wa mstari kulia, wa pili kushoto, eti ni ikweta. Yule kijana wa beseni ana mkono mwepesi kuliko wacheza karata wa Kariakoo.

Sasa niwatendee haki, maana hapa ndipo pesa ilipofanya kazi. Nakivale si mahali pa kuingia na begi lako ukaanza kuhoji watu. Iko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na bila barua yao utarudishwa. Nina rafiki aliyejaribu kivyake mwaka uliotangulia, likizo yake ikaishia Kampala akifuatilia saini. Sisi tulipofika Mbarara barua zilikuwa tayari, majina yameandikwa sawasawa, hata langu ambalo huko Marekani hukosewa kila muhula. Na shirika mwenyeji lilikuwa la kweli: dogo, la watu wa hapohapo, na msimamizi wangu alikuwa mama mmoja wa Kinyankole ambaye kila jioni alisoma kazi niliyoileta na kuirudisha imejaa wino.

Makazi yenyewe ni ya zamani, yalianza 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda, na leo ukitembea utakuta Wakongomani, Warundi, Wasomali, na Wanyarwanda pia. Uganda humpa mkimbizi kipande cha ardhi badala ya kumzungushia ua, na sheria yao ya 2006 inamruhusu kufanya kazi na kutembea nchini. Ndiyo maana Base Camp, kituo cha biashara ndani ya makazi, ina maduka, saluni, vinyozi na migahawa ya Kisomali, na lugha inayowakutanisha watu hawa sokoni mara nyingi ni Kiswahili. Mbarara mjini nilipoagiza soda kwa Kiswahili, muuza duka aliniuliza kama mimi ni polisi. Nakivale kwa lugha hiyohiyo nilipewa kiti.

Kazi yangu ilikuwa kuhoji wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa. Mnavijua, ni ndugu wa VICOBA: sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, hisa zinagongwa muhuri kwenye kijitabu. Tunakaa chini ya mti, mkutano ukiisha mimi natoa tableti na kuuliza. Kati ya maswali kulikuwa na yale ya chakula: katika siku saba zilizopita, nyumbani mlikula hiki siku ngapi, na kile siku ngapi. Majibu hupewa uzito. Nafaka na mizizi 2, jamii ya maharage 3, mboga za majani 1, nyama na samaki 4, na kadhalika. Unazidisha kwa siku, unajumlisha. Kwa viwango tulivyotumia, jumla isiyozidi 21 ni hali mbaya, hadi 35 ni ya kati, kupita hapo nyumba inahesabiwa inakula vizuri.

Wiki ya pili nilikuwa na mama wa Kirundi aliyewahi kuishi kambi za Kigoma, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nikasoma swali kama lilivyoandikwa: "Mboga mlikula siku ngapi?"

"Zote saba."

Nikajaza 7. Likaja la maharage. Akanitazama kama mtoto asiyesikia. "Si nimeshakwambia? Mboga yetu ni maharage. Siku saba."

Vidole vikaganda kwenye kioo. Kwetu mboga ni chochote kinachosindikiza ugali, iwe dagaa, nyama au maharage, na mama huyu alijibu Kiswahili sahihi kabisa. Aliyelitafsiri dodoso ofisini alikuwa na majani kichwani. Piga hesabu: ugali siku saba ni 14, maharage siku saba ni 21, jumla 35, hali ya kati. Ongeza zile "mboga" saba ambazo hazikuwahi kuingia sufuriani, inakuwa 42. Kwenye kompyuta mama huyu anakula vizuri. Na hii si hesabu ya kuchezea mahali ambapo tangu 2023 watu wamegawanywa makundi matatu ya msaada wa chakula, na kundi la tatu halipati kitu. Dodoso letu halikuhusiana na mgao huo, lakini nenda ukamweleze hivyo mtu anayeona tableti inaandika alichokula.

Aliyeliokoa jambo hili si mimi. Ni mkalimani wetu, Mkongomani kutoka Kivu, mwalimu wa shule kabla ya vita, na kila mtu pale humwita Mwalimu. Nilipomweleza akasema, "Dada, hii neno kila mutu anaisikia yake." Tukakaa jioni mbili kwenye benchi la duka la chapati tukilipitia dodoso lote. Mchicha kwao ni lengalenga. Kisamvu ni sombe. Dagaa, kwa waliotoka ziwa Kivu, ni sambaza. Kwa waliotoka ziwa Tanganyika ni ndagala. Swali la mboga likawa "majani ya kupika, kama lengalenga au mchicha, sombe au kisamvu, matembele". "Kwa nini" tukaongezea pembeni "juu ya nini", ndivyo Wakongomani wanavyoulizia sababu. Msimamizi wangu alipoona akapiga simu Kampala palepale. Ofisi kuu ikajibu kwamba dodoso limeshapitishwa na halibadiliki. Akapiga tena. Alipiga siku nne mfululizo, na siku ya tano dodoso likabadilika. Zile nyumba 31 za mwanzo tulizirudia kwa miguu, na hicho ni kiangazi cha Isingiro, vumbi mpaka kwenye meno.

Hapa nina kinyongo, na naomba wanaolipa wakijue. Uganda posho ni ugali. Tanzania posho ni ile pesa ya siku. Mwalimu aliahidiwa posho ya Kitanzania, shilingi 20,000 za Uganda kwa siku, na wiki ya tano alikuwa bado hajaiona hata moja. Mimi niliyekuwa najifunza kazi kwake nilikuwa nimegharamiwa dola 2,600. Nilipomwandikia wakala akanielekeza kwa shirika, shirika likanielekeza kwa wakala, kila mmoja akinisalimia vizuri sana. Alilipwa wiki ya tisa, kwa simu, na alipokwenda kuzitoa zikakatwa kodi na ada ya wakala wa simu. Hakulalamika. Alinionyesha ujumbe wa makato, akacheka peke yake.

Malazi sina neno. Tulikaa Isingiro mjini kwa mama mmoja mwenye shamba la migomba, maana wageni hatukuruhusiwa kulala ndani ya makazi. Mwenzangu wa Minnesota alihangaika na eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli wa Wanyankole, kwa siku mbili, ya tatu akaomba iongezwe. Mimi nilipofungua mdomo kwa Kinyambo, ambacho na Kinyankole ni kama mtu na binamu yake, mama mwenye nyumba akaweka sufuria chini. "Wewe si mgeni," akasema, "wewe umepotea njia tu." Kuanzia hapo nikawa wa kumenya ndizi, wenzangu wakiandaliwa.

Kuna kifungu kwenye mkataba mkisome kabla ya kusaini: huruhusiwi kutoka Uganda bila kutoa taarifa siku 14 kabla, na bima haikufuati nje ya mpaka. Wenzangu walikwenda Jinja mwishoni mwa wiki kurushwa na mawimbi ya Nile kwenye maboti ya mpira, ruksa, hakuna fomu. Mimi kwenda kumwona mama yangu ng'ambo ya Kagera, fomu mbili na saini kutoka Marekani. Nilipomweleza kwenye simu akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Wewe ndiye umesaini. Mimi sijasaini kitu." Jumamosi iliyofuata akavuka Murongo, akanikuta Kikagati na mfuko wa kahawa za kutafuna na siagi ya kienyeji kwenye chupa. Tukala samaki kwenye kibanda karibu na mpaka. Saa tisa akarudi zake.

Kwa hiyo inalipika? Kwa mwenzangu wa Minnesota, ndiyo, na angelipa tena. Kwa Mtanzania, Mkenya au Mnyarwanda, waambieni mapema wakupe ankara yenye mistari, halafu mkatae mnachokijua. Viza hatudaiwi kuingia Uganda. Kadi ya homa ya manjano mnayo. Dereva wa Entebbe mtampata wenyewe, tena kwa wakati. Mnachonunua ni barua ya Nakivale na msimamizi anayesoma kazi yako, na kabla hujalipa omba uongee naye kwa simu, yeye mwenyewe, si mtu wa mauzo. Muulizeni pia wakalimani wanalipwa na nani, lini.

Mimi niliomba nirudishiwe zile 400 za maelekezo. Barua pepe sita. Mwishowe wakajibu kwamba maelekezo hayarudishwi, ila wamependa maoni yangu, na msimu ujao wanatafuta mtu wa kufundisha ile siku ya pili. Nimewatumia bei, yangu na ya Mwalimu, nusu ilipwe kabla.