Mfumo wa kompyuta wodini: tathmini ya muuguzi baada ya mwaka mmoja wa matumizi

Hospitali ya misheni ninayofanyia kazi iliacha mafaili ya karatasi mwaka jana na kuhamia kwenye mfumo wa kompyuta ulionunuliwa kwa kampuni moja ya hapa nchini Tanzania. Nimeutumia katika wodi ya upasuaji ya wanaume, zamu za mchana na za usiku, na ninaandika tathmini hii kwa sababu wauguzi wenzangu wa hospitali nyingine wananiuliza kama waushauri uongozi wao kuununua. Dirisha la malipo na bohari ya dawa nawaachia wanaohusika. Mimi nitaupima pale kitandani kwa mgonjwa.

Nianze na kilichonikonga moyo. Ukurasa wa vipimo vya mgonjwa unafuata alama za NEWS2, utaratibu uliotolewa na Royal College of Physicians ya Uingereza mwaka 2017, ambao hukipa kila kipimo alama kulingana na kilivyoachana na hali ya kawaida, kisha huzijumlisha. Usiku mmoja nilikuwa na mgonjwa wa siku ya tano tangu afanyiwe upasuaji wa tumbo. Alikuwa macho, anazungumza vizuri, akaniomba maji ya kunywa. Alikuwa anapumua mara 22 kwa dakika, oksijeni asilimia 95, mapigo ya moyo 108, joto 38.6 na presha ya juu 118. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo ambacho peke yake kingenifanya nimwamshe daktari saa nane za usiku. Mfumo ulijumlisha alama 5, kisanduku kikabadilika rangi, na alama 5 ndicho kiwango ambacho mgonjwa anatakiwa kuonwa kwa haraka. Nilimpigia daktari wa zamu, akaja, tukafungua bandeji na kukuta kidonda kimeanza kutunga usaha. Hesabu ile ningeweza kuifanya kwa kalamu, lakini nikiwa na wagonjwa 30 na mhudumu mmoja, najua kabisa kwamba nisingeifanya.

Makabidhiano ya zamu nayo yamenyooka. Zamani tulisoma kitabu cha ripoti chenye miandiko ya kila namna, na dozi ya saa kumi na mbili asubuhi ingeweza kurukwa kwa sababu kila zamu ilidhani nyingine imeitoa. Sasa dozi ambayo haijatolewa inabaki juu ya orodha mpaka mtu aieleze.

Tatizo kubwa ni kwamba waliousanifu mfumo huu hawakumweka muuguzi mbele ya macho yao. Daktari ana kurasa zilizopangwa vizuri za historia, uchunguzi na matibabu. Mpango wa uuguzi umepewa kisanduku kimoja kitupu, kana kwamba kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili na kupima mkojo wake ni maelezo ya ziada. Kompyuta ya wodi ni moja, nayo iko mezani karibu na mlango, hivyo tunaandika vipimo kwenye kipande cha karatasi, wengine nyuma ya kiganja, kisha tunakwenda kuvinakili. Hapo ndipo namba ya kitanda cha 14 inapoingia kwa mgonjwa wa kitanda cha 15. Isitoshe, mfumo hautoi takwimu za mwezi zinazopelekwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta ambao Wizara ya Afya inakusanyia takwimu za vituo, kwa hiyo vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za takwimu za huduma za afya, bado tunavijaza kwa mkono na kazi ileile inafanyika mara mbili.

Jambo linaloniumiza zaidi ni nywila. Kuingia kunachukua muda mrefu, kwa hiyo watu wanaacha akaunti wazi na mwenzao anaendelea kuandika humohumo. Nimewahi kukuta maelezo ya dawa yenye jina langu, ya siku ambayo nilikuwa mapumziko. Muuguzi hulinda leseni yake kwa kumbukumbu alizoandika, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, suala la nani amefungua taarifa za mgonjwa si la kupuuza hata kidogo. Kampuni inapaswa kuweka njia nyepesi ya kubadilisha mtumiaji, nasi wauguzi tuache mazoea hayo leo.

Umeme ukikatika tunarudi kwenye fomu za karatasi, na hilo tumelizoea.

Ninaupendekeza mfumo huu, kwa sharti kwamba ununuliwe pamoja na vishikwambi vya kutembea navyo wodini. Na kabla ya uongozi wenu kusaini mkataba, mwombeni muuzaji asimame kando ya kitanda, aingize vipimo vya mgonjwa mmoja, atoke, kisha muuguzi mwingine aingie kwa jina lake mwenyewe na kuandika dozi, nanyi mkiwa na saa mkononi.