Soksi za kubana miguu: mie zimenisaidia, mama akakatazwa

Mie ni msusi, nasimama kutwa nzima, jioni miguu inajaa mpaka mikanda ya ndala inaacha alama, afu nyuma ya vigimbi mishipa imejisokota kama kamba. Nikanunua hizi soksi Kariakoo, elfu 35, zinaishia chini ya goti, boksi limeandikwa 20-30 mmHg, yaani nguvu ya kubana. Wiki ya tatu sasa, uvimbe umepungua kweli.

Kuzivaa ni mziki asee. Vaa asubuhi mguu haujajaa, la sivyo utatoka jasho bure. Na pima kigimbi na kifundo kwa tepu, dada wa dukani aliniuliza namba ya kiatu tu, pea ya kwanza ikanikata chini ya goti ikabidi nibadilishe. Joto la Dar nalo, saa nane mchana unatamani uzichane.

Kilichonikera ni maneno ya yule dada wa dukani, eti zinafungua mishipa yote, mwenye presha avae, mwenye sukari avae. Nikamchukulia na mama, ana sukari miaka mingi. Bahati alikua na kliniki, muuguzi kamvua kiatu, kamshika juu ya unyayo kutafuta mapigo, yapo kwa mbaali. Akasema hizi usimvalishe kwanza. Mbona mie zimenisaidia? Akasema wewe shida yako ni vena, ndo zinazorudisha damu kwenye moyo, kuta zake nyembamba, msukumo mdogo, zina vali za kuzuia damu isishuke, sasa vali zikilegea damu inatuama mguuni, soksi ikibana inapanda (akanambia pia nisisimame kama mlingoti, nitembeetembee, vigimbi vikikaza ndo pampu yenyewe). Kwa mama, muuguzi anahofia ni ateri, zile zinazotoa damu moyoni, nene, ndo zinazodunda ukizishika, vena haidundi. Ateri ikiziba kwa mafuta damu haifiki vidoleni vizuri, sasa uje umbane tena juu yake si unammalizia? Na presha ile ya kwenye mashine ni ya ateri, soksi haiishushi. Mama kaandikiwa vipimo vya miguu.

Soksi nyota nne. Duka moja, pea ya mama wamegoma kurudisha hela eti boksi limeshafunguliwa.