Kivinjari kipi kinafaa kwa bando la Mwanza? Nimevipanga kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho

Hakuna anayetoa shilingi kununua kivinjari. Chrome, Firefox, Brave, Opera Mini, vyote unavipakua bure Play Store. Malipo yanakuja baadaye, tena kidogo kidogo, kupitia bando. Unafungua ukurasa wa habari wenye aya sita za maandishi, unakuta umezungukwa na matangazo ya kubeti, video inayojicheza yenyewe na vijiprogramu vinavyofuatilia unachosoma. Vyote hivyo vinaingia kwenye MB ulizonunua wewe. Mama anayeuza dagaa mwaloni Kirumba analipia, mwanafunzi wa SAUT kule Malimbe analipia, na bodaboda wa Igoma anayetazama matokeo ya mpira akisubiri abiria naye analipia.

Ndiyo maana nimeweka bando mbele ya kila kitu katika mpangilio huu. Baada ya hapo nimeangalia jinsi kivinjari kinavyohimili simu yenye RAM ya GB 2 au 3, kisha usalama wa manenosiri. Mwonekano sikuupa alama.

Kuhusu kasi, usihangaike sana. Chrome, Brave, Edge, Opera ya kawaida na Samsung Internet vimejengwa juu ya Chromium, mradi wa programu ya kivinjari ulioanzishwa na Google mwaka 2008, kwa hiyo ukurasa unaofunguka vizuri kwenye kimoja kwa kawaida hufunguka na kwenye vingine. Firefox ina injini yake yenyewe, yaani sehemu inayochora ukurasa kwenye kioo, iitwayo Gecko. Kwenye iPhone tofauti ni ndogo zaidi, kwa sababu huku kwetu Apple inavilazimisha vivinjari vyote kutumia injini yake ya WebKit. Mwenye iPhone abaki na Safari, aongeze kizuia matangazo kutoka App Store, basi. Yanayofuata ni kwa wenye Android, ambao ndio wengi.

Cha kwanza: Brave

Kilianzishwa na Brendan Eich, aliyebuni lugha ya JavaScript mwaka 1995 na baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa Mozilla, wanaotengeneza Firefox. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2019. Nimekiweka juu kwa sababu kinazuia matangazo na vifuatiliaji tangu dakika ya kwanza, bila mtu kugusa mipangilio yoyote. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: tangazo halifichwi tu machoni. Simu haiendi kuliomba kabisa, kwa hiyo MB zake hazitoki. Ukurasa unafunguka mapema hata pale mtandao unaposuasua, na betri inapumua.

Kina kero zake. Ukurasa wa mwanzo unakuja na picha za wadhamini, na kuna mambo ya pochi ya sarafu za kidijitali ambayo mtu wa kawaida hana haja nayo. Zima vyote kwenye mipangilio. Mara nyingine tovuti inakataa kufanya kazi kwa sababu kitu inachokitegemea kimezuiwa. Ikitokea hivyo, gusa alama ya simba karibu na anwani, shusha kinga kwa tovuti hiyo peke yake, kisha ifungue upya. Ukimwekea mzazi wako kijijini Sengerema, mfundishe kitufe hicho kimoja na utakuwa umemaliza.

Cha pili: Firefox, ukikiongezea uBlock Origin

Kama simu yako ina RAM ya GB 4 au zaidi, na uko tayari kukaa chini dakika chache kukipanga, kwangu Firefox kinakipita hata Brave. Tangu Desemba 2023 Mozilla imefungua mlango kwa mamia ya vijiprogramu vya nyongeza kwenye Android. Ingia kwenye menyu, fungua sehemu ya nyongeza, weka uBlock Origin, ambacho ni kizuia matangazo.

Usiishie hapo. Ndani ya mipangilio ya uBlock Origin kuna sehemu ya kuzuia picha na video zinazozidi ukubwa fulani wa KB. Iwashe. Kuanzia hapo kila picha kubwa inabaki kisanduku kitupu mpaka uiguse mwenyewe. Kwa mtu anayesoma magazeti na kutafuta ajira, anayetaka maneno zaidi kuliko picha, sijaona njia nyingine inayotunza bando kiasi hiki huku tovuti ikiendelea kufanya kazi kama kawaida. Kuna pia kitufe cha hali ya kusoma, kinachoacha maandishi matupu kwenye kioo.

Kasoro yake ni uzito. Kwenye simu ya GB 2 kinachelewa kufunguka, na ukienda WhatsApp ukarudi unakuta kinapakia ukurasa upya, jambo linalokula MB mara ya pili. Ndiyo maana hakikushika namba moja.

Cha tatu: Chrome

Tayari unacho, na usikizime. Fomu za serikali, benki na maombi ya mkopo wa elimu ya juu mara nyingi hutengenezwa na kujaribiwa kwanza kwenye Chrome, kwa hiyo fomu ikigoma kwingine, jaribu hapo. Kina lugha ya Kiswahili, kinatafsiri kurasa vizuri, na kinakuruhusu kupakua ukurasa mzima ukausome bila mtandao. Anayepanda meli kwenda Nansio na anajua mtandao utakatika ziwani apakue vya kusoma akiwa bado bandarini.

Tatizo ni bando. Kilikuwa na hali ya kuokoa data, lakini Google iliiondoa mwaka 2022, na bado watu wanaelekezana kuitafuta. Kwenye Android hakipokei nyongeza, kwa hiyo kizuia matangazo huwezi kukiweka ndani yake. Hata kwenye kompyuta, Google ilibadilisha kanuni za nyongeza na uBlock Origin ile kamili ikapoteza nafasi.

Kama simu yako inalia kila saa kwa arifa za kubeti na “umeshinda zawadi”, mara nyingi chanzo si kirusi. Ulibonyeza kuruhusu kwenye tovuti fulani. Ingia Mipangilio, kisha mipangilio ya tovuti, kisha arifa, uzifute zote usizozitambua.

Cha nne: Opera Mini

Najua wengi watashangaa, maana huku Kanda ya Ziwa kuna watu waliojifunza intaneti kwa Opera Mini tangu enzi za simu za vitufe. Kwa kubana data hakina mshindani. Ukiweka hali yake ya kubana zaidi, ukurasa unakwenda kwanza kwenye seva za Opera, unapunguzwa huko, ndipo unaletwa kwako ukiwa mwepesi. Kampuni yenyewe inadai kuokoa hadi asilimia 90. Kwa matokeo ya NECTA, ambayo ni majedwali ya maandishi, kinafaa sana.

Ila fikiria njia ile. Katika hali hiyo ya kubana zaidi, seva iliyo katikati inalazimika kuufungua ukurasa ili iupunguze. Ni kama kumpa kondakta bahasha isiyogundishwa yenye pesa: huenda ikafika salama, lakini imepita mkononi mwake ikiwa wazi. Usiingize humo nenosiri la benki, barua pepe wala akaunti ya maombi ya kazi. Na fomu zinazotaka upakie vyeti mara nyingi zinakwama katikati. Kitumie kusoma tu, kisha zima habari na matangazo yanayojaa ukurasa wa mwanzo.

Vinavyofuata

Samsung Internet ni chepesi na kinakubali vizuia matangazo. Mwenye Samsung asiyetaka kupakua kitu kipya atosheke nacho. Edge kwenye simu sikioni sababu yake, lakini kwenye laptopu kinalaza vichupo usivyovitumia ili RAM ipumue, na kinasoma maandishi kwa sauti, Kiswahili kikiwemo. Mwenye macho yanayochoka atakipenda.

Chini kabisa naweka UC Browser, na Phoenix kinachokuja kwenye simu nyingi za Tecno, Infinix na itel. Najua watu wanavipendea kudaka video na hali za WhatsApp. Lakini Phoenix kinakujaza habari za udaku na arifa usizoziomba. Na UC, mwaka 2015 watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walionyesha kuwa kilikuwa kinavujisha taarifa za watumiaji, na India ilikipiga marufuku mwaka 2020. Kwa nini ukikabidhi nenosiri lako wakati vingine ni bure vilevile?

Kwa wanaotumia stesheneri

Wengi wetu tunajaza maombi ya kazi na mikopo kwenye stesheneri za mjini au karibu na vyuo. Kompyuta nyingine bado zina Windows 7, ambayo Chrome iliacha kuihudumia baada ya toleo la 109, mwanzoni mwa 2023. Ukikuta hivyo, jaza kwingine. Popote unapojaza, fungua hali fiche (Incognito) kwanza, kataa kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nenosiri, toka kwenye akaunti na ufunge madirisha yote. Halafu fungua sehemu ya vipakuliwa ufute nakala ya cheti na kitambulisho chako. Hali fiche haifuti mafaili uliyopakua, na anayekaa kwenye kiti baada yako anaweza kuyafungua.

Ukitaka kuhakikisha mpangilio wangu kwa simu yako, fungua kurasa zilezile kwenye vivinjari viwili, kisha nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, uone kila kimoja kimekula MB ngapi. Ukishachagua, kifanye kuwa kivinjari chaguomsingi. Usipofanya hivyo, kila kiungo utakachobonyeza WhatsApp kitaendelea kufunguka kwenye kile cha zamani.