Oili chafu au mbao zilizotiwa dawa?
Wajenzi wengi wa nyumba za mbao jijini Nairobi hupaka nguzo oili chafu ya gereji ili kuzuia mchwa, kwa kuwa ni rahisi, ingawa hubaki juu juu, hufifia kwa mvua na kuchafua udongo. Mbao zilizotiwa dawa kwa shinikizo kiwandani, zile zenye rangi ya kijani, hugharimu zaidi. Lakini dawa yake, ambayo mara nyingi ni ya shaba, kromu na aseniki, huingia ndani ya mti, na kwa nguzo zinazogusa ardhi ningechagua hizo bila kusita. Fundi akizikata, ncha zipakwe dawa upya, kwani mchwa hupenya hapo. Vipande vinavyobaki visiwashiwe jiko kamwe: moshi wake una sumu.