Habari za soko la hisa kila siku: ulipie ipi, ipi uachane nayo

Lalamiko ni lilelile: "Simu inaonyesha hisa yangu ni shilingi 2,000, nimeweka oda ya kuuza, wiki ya pili hii hakuna mnunuzi." Bei hiyo si ya uongo, ila imelala. Pale Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) zipo kaunta (yaani hisa za kampuni fulani) zinazomaliza siku bila kuuzwa hisa hata moja, na bei ya mwisho inabaki ubaoni kana kwamba ni ya leo. Kwa hiyo kasi ya habari au uzuri wa michoro visikubabaishe. Uliza kwanza kama chanzo kinataja idadi ya hisa zilizouzwa. Kisichotaja, usikilipie hata senti.

Namba moja kwangu ni taarifa ya kila siku ya DSE yenyewe, na sifichi upendeleo wangu. Ni bure, iko kwenye tovuti yao soko likishafungwa. Isome kinyumenyume. Anza na hisa zilizouzwa, nenda kwenye oda zilizobaki za kununua na za kuuza, bei iwe ya mwisho. Ukikuta oda za kununua ni 0 na za kuuza ni 300,000, ile 2,000 ni pambo. Jumla ya mauzo nayo isikutie wazimu, maana muamala mmoja mkubwa uliopangwa kando unaweza kuivimbisha jumla ya siku nzima.

Ya pili ni ripoti za madalali wa hisa, mfano Orbit Securities au Zan Securities. Hapa utapata tarehe ya kufungwa daftari la wanahisa, yaani siku inayoamua nani atapata gawio (mgao wa faida) na nani hapati. Bei ikishuka karibu na tarehe hiyo usikimbilie kuuza. Anayenunua sasa hapati gawio, ndiyo maana analipa pungufu. Tena ukinunua siku ya mwisho umeshachelewa, kwa sababu hisa huchukua siku kadhaa za kazi kuingia kwenye jina lako. Ila kumbuka dalali anakula kamisheni ukinunua na ukiuza, kwa hiyo "nunua sasa" yake ipime.

Kama ni kulipia, lipia Business Daily ya Nairobi, hasa ukiwa na hisa za kampuni za Kenya kama KCB au EABL.

Magazeti na redio za hapa nyumbani naziweka chini kwa kosa moja: "soko limeshuka". Soko lipi? Kiashiria cha DSEI, kinachopima bei za soko zima, kinabeba na kampuni za Kenya zilizoorodheshwa huku, ambazo bei zake zinafuata Nairobi na shilingi ya Kenya. DSEI inaweza kuporomoka huku CRDB, NMB na Twiga hazijasogea. Kiashiria cha kampuni za ndani pekee ni TSI, na mara nyingi haitajwi kabisa.

Mwenye hati fungani za serikali (mkopo unaoikopesha serikali) aende moja kwa moja tovuti ya Benki Kuu, matokeo ya mnada yako pale. Programu za bure za simu zinatosha kwa kuchungulia tu.

Halafu kuna makundi ya Telegram ya kulipia kila mwezi. Wanachukua taarifa ileile ya bure ya DSE, wanakata safu ya mauzo, wanaongeza mshale wa kijani na neno "MOTO". Siku ukitaka kujitoa, admini hapokei simu.